Mahindi yanatoa unga kabla hayajafika mashine: mjue kwanza mdudu aliyeko kwenye gunia lako

Kila mwaka ikifika mwezi wa kumi kuelekea wa kumi na moja, kabla mvua hazijaanza, simu zinaanza kuingia. Anayepiga anakuja na swali lilelile, dada dawa gani nzuri ya mahindi, mi namuuliza umeona nini, anasema wadudu, wadudu gani, anasema si hawahawa wa mahindi. Hapo ndo tunapopotezea chakula wandugu. Kwenye gunia moja wanaweza kukaa wadudu wa aina nne na kila mmoja ana njia yake ya kuingia na kitu kinachomuua, ukinunua dawa bila kumjua unatoa hela alafu mahindi yanaendelea kuliwa huku wewe umetulia unajua kazi imeisha.

Mimi nakaa Uyole pale Mbeya, shamba liko Mbozi mkoa wa Songwe, kwetu kabisa ni Ismani huko Iringa, kwaiyo nimeyaona mahindi yakiharibika sehemu ya baridi na sehemu ya joto. Mwaka 2021 nilipoteza gunia nne kati ya kumi na mbili nilizoweka. Tutaanza na kile unachokiona au kukinusa, tutafute kimetoka wapi, ndo tuongelee cha kufanya.

Ila kwanza hesabu kidogo, maana kuna watu wanasema wadudu wakila kidogo si neno. Familia ya watu sita wanaokula ugali kila siku, gunia la kilo 100 linawapeleka kama wiki sita. Umevuna mwezi wa saba ukaweka gunia sita, hizo zinakufikisha katikati ya mwezi wa tatu, mahindi mabichi yanaanza shambani, umevuka. Wadudu wakila gunia mbili tu, umeishiwa Krismasi. Na baada ya Krismasi ndo bei ya debe iko juu, ndo ada, ndo mbolea ya kukuzia, kila kitu kinadai kwa pamoja. Kuna na hasara nyingine haionekani, mtu anaogopa wadudu anaamua kuuza yote mwezi wa nane kwa bei ya kutupa, alafu mwezi wa kwanza anarudi sokoni kununua mahindi ambayo labda ni yake mwenyewe. Mikoa yetu hii ndo inalisha nchi, malori yanapakia kutoka huku kila siku mengine yanavuka Tunduma, alafu mama wa Mbozi anakopa debe la mahindi mwezi wa pili. Hilo linaniuma kweli.

Toa sampuli kwanza

Usiangalie juu ya gunia tu. Kama una bambo, kile chuma cha kuchomea gunia kutoa sampuli, choma pembeni, katikati na chini, kama huna mwaga nusu gunia kwenye turubai. Chukua sado moja, chekecha juu ya karatasi nyeupe au sahani nyeupe, angalia kilichodondoka. Washa tochi ya simu, piga picha kwa karibu alafu ivute, mdudu wa milimita tatu anaonekana vizuri tu. Kama ni asubuhi ya baridi ya mwezi wa saba pale Njombe au Makete wadudu hawatatembea, watajifanya wamekufa, weka sahani juani dakika chache utawaona wanaamka. Usiku nyumba ikitulia weka sikio kwenye gunia, mahindi yaliyoshambuliwa sana yanalia krr krr krr, hapo ujue ndani ni wengi.

Dalili: unga mwingi, chini ya gunia kumejaa vumbi jeupe, punje zimebaki maganda

Huyu ni dumuzi, wengi wanamwita skania. Ukimwona wala hutamsahau: mweusi au kahawia iliyoiva, mwili kama kipande cha kalamu, milimita tatu mpaka nne na nusu, ukimwangalia toka juu kichwa hukioni, kimeinama chini kama kavaa kofia, na kule nyuma mgongo umekatwa wima kama mwisho wa tofali. Hana pua ndefu. Ukiona pua ndefu sio yeye.

Huyu mdudu sio wa kwetu. Asili yake ni Meksiko na Amerika ya Kati, huku alianza kutambuliwa Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980 na kutoka hapo akasambaa nchi nzima na nchi jirani, na kwa kuwa maadui zake wa asili walibaki alikotoka hakukuwa na cha kumzuia. Vipimo vya Tabora miaka hiyo vilikuta mahindi ya magunzi yaliyokaa miezi mitatu mpaka sita yamepoteza uzito mpaka asilimia 34. Yaani theluthi nzima. Anafanya hivyo kwa sababu haishii kula tu, anatoboa toboa ovyo, unga anaoutoa ni mwingi kuliko anaokula, na humo ndani ya unga ndo anatagia. Kukiwa na joto kizazi kinakamilika kama kwa mwezi mmoja.

Chanzo chake mara nyingi ni vitu vitatu. Cha kwanza mahindi kuhifadhiwa na magunzi yake, dumuzi anapenda punje iliyoshikwa imara kwenye gunzi maana anapata pa kujiegemeza anapotoboa, punje zilizopukuchuliwa zinamsumbua kidogo. Cha pili mbao na fito. Huyu anaishi kwenye mti mkavu, kwaiyo kihenge cha zamani cha fito, dari ya mianzi, chaga za mbao za mwaka jana, vyote vinaweza kumtunza mpaka mavuno mengine. Cha tatu makopa ya mihogo, anayapenda kama mahindi, ukiweka makopa chumba kimoja na mahindi umewakaribisha.

Cha kufanya: pukuchua, chekecha, ule unga na chenga usiumwage nje ya stoo, choma au fukia siku hiyohiyo. Alafu tumia dawa ya unga yenye mchanganyiko wa viambata viwili. Hapa ndo watu wengi wanakosea. Dawa za zamani zenye kiambata kimoja kama pirimifosi-methili peke yake zinamuua fukusi, yule mwenye pua ndefu nitakayemsema hapo chini, vizuri lakini dumuzi anazistahimili, anayempata dumuzi ni kiambata cha jamii ya pairethroidi kama permethrini au deltamethrini. Ndo maana ikaja Actellic Super, ndani yake kuna vyote viwili, mmoja kwa ajili ya fukusi mwingine kwa ajili ya dumuzi. Ukienda duka la pembejeo usiulize dawa nzuri, geuza pakti usome viambata.

Dalili: matundu ya duara kwenye punje, unga kidogo tu, mdudu ana pua

Huyu ni fukusi, mwenyeji wetu wa siku zote. Ana pua ndefu iliyopinda kama mkonga, milimita mbili na nusu mpaka nne, na mgongoni ukivuta picha utaona madoa manne yenye wekundu hafifu. Jike anatoboa kitundu kwenye punje, anataga yai moja, anaziba na ute unaokauka, punje kwa nje inaonekana nzima kabisa. Funza anakulia humohumo ndani anakula kiini, siku akitoka ndo unaona tundu. Kwaiyo siku unaona matundu kwa mara ya kwanza, kizazi kizima kilishapita ndani ya mahindi uliyokuwa unayaona masafi.

Na hapa nieleze kitu ambacho kilinisumbua miaka mingi, kwa nini mahindi yanakuwa mazima mwezi wa nane alafu mwezi wa kumi na moja yanakuwa chekeche. Kwenye joto la nyuzi 27 hivi fukusi anatoka yai mpaka mdudu kamili kwa wiki tano tu, kwenye nyuzi 18 anatumia zaidi ya miezi mitatu. Tunavuna kwenye baridi ya mwezi wa sita na wa saba, anaingia stoo lakini anakwenda polepole, mwezi wa tisa na wa kumi joto linapanda, wote wanaanza kuiva kwa pamoja na jike mmoja anaweza kutaga mayai 150 maishani mwake. Wa Makete anapona muda mrefu bila hata kujitahidi, wa Pawaga, Mbarali na Kyela kwenye joto hana huo muda. Mtu wa Makete akikwambia mimi siwekagi dawa na mahindi yangu mazima, usimwige kama stoo yako iko Pawaga.

Fukusi anaingilia wapi? Shambani. Anaruka kutoka maghala ya karibu anatua kwenye mahindi yaliyokauka yakiwa bado kwenye mabua, hasa yale ambayo ganda la juu halikuziba ncha ya hindi. Ukiacha mahindi shambani mwezi na nusu zaidi eti yakauke vizuri, unayaleta nyumbani yakiwa na mimba. Vuna yakishakomaa, malizia kukausha kwenye turubai au kichanja nyumbani, sio chini kwenye udongo. Wakati wa kuvuna tenga kabisa yale yenye ncha wazi na yaliyoanza kutobolewa, hayo kula kwanza. Chanzo kingine ni magunia ya zamani, gunia la katani au salfeti lililotumika mwaka jana lina fukusi kwenye mishono, lichemshe kwenye maji ya moto au uliloweke na kulianika juani vizuri, na punje zilizobaki kwenye nyufa za stoo zifagie zote.

Dalili: vipepeo vidogo vinaruka ukifungua stoo

Nondo wa nafaka. Rangi ya majani makavu, anaonekana jioni. Anashambulia sana mahindi ya magunzi na mpunga, akiwa kwenye punje zilizopukuchuliwa anaharibu za juu tu maana hana nguvu ya kupenya katikati ya gunia. Pukuchua, jaza gunia vizuri, mara nyingi anakwisha. Kama unaona nyuzi nyuzi kama utando wa buibui kwenye unga au pumba ni nondo wa aina nyingine, huyo dawa yake ni kutoa ule unga, kuosha chombo na kutokurundika unga wa miezi mitatu.

Dalili: wadudu wekundu wekundu bapa, unga umebadilika rangi na una harufu kali

Hawa wekundu wa unga hawawezi kuanza kwenye punje nzima, wanafuata nyuma ya dumuzi na fukusi wanakula chenga. Ukiwaona wengi kwenye gunia la mahindi maana yake kuna mwenzao alishatangulia, rudi juu ukamtafute. Kwenye unga wakizidi wanatoa majimaji yanayofanya unga unuke na ugali uwe na ladha mbaya, usiuchanganye na unga mpya ukidhani utapunguza harufu.

Dalili: gunia lina joto ukiingiza mkono, mahindi yameshikana, yana ukungu au harufu ya uvundo

Hii naomba usome taratibu. Hapa tatizo la kwanza sio mdudu, ni unyevu, ila wawili hawa wanasaidiana. Wadudu wakiwa wengi wanapumua, wanatoa joto na mvuke, mvuke unapanda unatua kwenye punje za juu, punje zilizotobolewa ganda lake halina kinga tena, kuvu inaingia. Kuvu hiyo ndo inayoweza kutoa sumukuvu. Mwaka 2016 watu walikufa kwa sumukuvu Dodoma na Manyara, ni chakula cha kawaida tu cha nyumbani walichokula. Na haifi kwa kupika, ukipika ugali masaa mangapi sijui bado iko palepale, na kwa watoto inaharibu ini kidogo kidogo bila mtu kujua.

Mahindi ya kuhifadhi yanatakiwa unyevu usizidi asilimia 13 na nusu, na kama ni kwenye mfuko usiopitisha hewa yawe 13 kushuka chini. Kuuma kwa meno tulizoea ila meno yanadanganya, hasa Tukuyu ambako hata ukianika siku tatu wingu linarudi mchana. Kipimo cha chumvi ni rahisi: chukua chupa ya kioo kavu kabisa, jaza mahindi theluthi moja, weka vijiko viwili vitatu vya chumvi kavu, funga, tikisa dakika kadhaa, acha itulie robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa mahindi bado mabichi, rudisha kwenye turubai. Isipoganda ujue yamekauka kiasi, ila chumvi haikwambii kama yamefika hiyo 13 na nusu. Chumvi ikiwa imeshachukua unyevu wa jikoni kipimo kinadanganya, kaushe juani kwanza. Kwa mfuko wa kuziba hewa usitegemee chumvi peke yake, tafuta mtu mwenye mashine ya kupima unyevu, maofisa ugani wengine wanazo na wanunuzi wakubwa wanazo.

Alafu gunia lisikae sakafuni wala kuegemea ukuta. Chaga chini, nafasi ya mkono pembeni, bati lisivuje. Saruji inapandisha unyevu hata kama ukiigusa unaona ni kavu.

Dalili: nimeweka dawa lakini wadudu wanatembea

Hapa ndo penye malalamiko mengi na jibu la haraka la kila mtu ni dawa feki. Zipo feki kweli, mimi mwenyewe nilishauziwa pakti ambayo unga wake haukuwa na harufu yoyote na tarehe imefutwafutwa, ni duka moja nililolizoea na sikurudi tena. Lakini nikikaa na mtu tukafuatilia hatua kwa hatua, mara nyingi sana dawa haina kosa. Mimi zile gunia nne za 2021 nimeshazifikiria mpaka nikajua nilikosea wapi, na ni makosa mawili kati ya haya nitakayosema.

Kosa la kwanza lumbesa. Pakti ya gramu 100 ya Actellic Super imepimwa kwa gunia la kilo 90 mpaka 100. Wewe umejaza debe saba na kilemba juu, umeweka pakti moja, dawa imepungua kwa robo au theluthi, wadudu wagumu wanabaki na ndo wanaozaa. Lumbesa kwanza kisheria hairuhusiwi kwenye kuuza, gunia lisizidi kilo 100, ila hata lile la nyumbani kwako pima kwa debe ujue umeweka kiasi gani. Ukiwa na dawa nyingine usibebe kipimo cha hii ukapeleka kule, Actellic Gold, Shumba na nyingine kila moja soma pakti yake.

Kosa la pili kuchanganya. Nimeona mtu anamimina dawa juu ya gunia alafu anapiga gunia teke ishuke. Haishuki. Mwaga mahindi kwenye turubai, nyunyiza dawa kidogo kidogo, geuza kwa koleo kutoka upande huu kwenda ule mara tatu nne kama unachanganya zege, mpaka kila punje iwe na vumbi. Ziba pua na mdomo, vaa glovu au hata mifuko ya plastiki mikononi, watoto wasiwe karibu, simama upande upepo unakotokea.

Kosa la tatu ni kuchelewa. Dawa ya unga inaua mdudu anayetembea juu ya punje, yule funza aliyeko ndani ya punje haiguswi, atakula akue atoke. Ukiweka dawa wakati mahindi yameshaanza kutoboka, wiki mbili tatu baadaye utaona wadudu wapya wanatoka, utasema dawa feki. Wengi watakufa wakitoka kama dawa bado ina nguvu, ila punje walizokula zimeshaliwa. Weka dawa ndani ya wiki moja au mbili baada ya kupukuchua na kukausha, mahindi yakiwa yamepepetwa, maana kama kuna pumba na vumbi jingi dawa inashika kwenye pumba badala ya punje.

Kosa la nne mahindi yana unyevu, au stoo iko chini ya bati bila dari, dawa inachakaa mapema. La tano umeweka dawa kwenye mahindi mapya lakini pembeni kuna gunia moja la mwaka jana la kuku halina dawa, hilo ndo kiwanda. Mimi yangu yalikuwa la kwanza na hili la tano.

Na usile mahindi yaliyotiwa dawa kabla ya siku zilizoandikwa kwenye pakti. Yaoshe vizuri na uyakoboe, sio dona moja kwa moja.

Wasiotaka dawa za dukani wananiuliza kuhusu utupa na pareto. Utupa umejaa huku kwetu, majani yake yakikaushwa kivulini na kusagwa yanasaidia kwa fukusi na hasa kwa maharage, ila ndo mmea uleule wa kuulia samaki, una sumu, usiuchukulie kama mboga. Pareto tunayo mpaka kiwanda kiko Mafinga, maua yake yanaua wadudu kweli, shida yake jua linaiharibu haraka na ukisaga nyumbani huwezi kujua nguvu yake iko kiasi gani. Majivu yanasaidia ukiweka mengi, sio kiganja kimoja kwa gunia. Kwa dumuzi mimi siwezi kumshauri mtu ategemee majivu.

Dalili: nimetumia mfuko wa PICS na bado kuna wadudu hai

PICS ni ile mifuko isiyopitisha hewa, niliiona kwa mara ya kwanza Nanenane pale Mbeya viwanja vya John Mwakangale na sasa hivi ndo ninayoiamini zaidi. Ilianzia Kameruni miaka ya 1980 kwa ajili ya kunde. Ni mifuko miwili ya nailoni nzito ndani na mmoja wa kufuma nje. Hakuna dawa yoyote, wadudu wakivuta hewa iliyobaki ndani oksijeni inaisha, wanaacha kula, wanakauka wanakufa.

Kwaiyo ukikuta wadudu hai, jiulize hewa imeingilia wapi. Ulifunga mifuko yote miwili kwa pamoja? Inatakiwa wa ndani kwanza, bana hewa itoke, sokota shingo, ikunje, funga kamba ya mpira au katani kwa nguvu, alafu wa pili hivyohivyo, mwisho wa nje. Ulifungua kila wiki kuchota debe? Basi kila wiki uliwapa pumzi, mahindi ya kula kila siku yatoe kwenye gunia la pembeni, huu usiuguse angalau miezi miwili ya kwanza. Kuna kipande cha gunzi ndani kimechoma? Panya amepita? Kabla ya kutumia mfuko wa mwaka jana upulize kama puto, ubane, sikiliza. Na kama mahindi yalishajaa dumuzi kabla ya kuyaweka, wanaweza kutoboa nailoni kabla hewa haijaisha, chekecha kwanza. Usichanganye dawa humo, haina kazi. Na mahindi mabichi ukiyafungia humo utafungua uozo, mfuko hauwezi kukausha mahindi.

Dalili: mtu amekushauri uweke vidonge kwenye gunia

Naomba sana hapa. Vile vidonge vya kijivu vinavyotoa gesi vikikutana na unyevu wa hewa, gesi yake ni fosfini, inaua wadudu mpaka walioko ndani ya punje na ndo maana watu wanavipenda. Inaua na watu. Haina dawa ya kuiondoa mwilini, mtu akivuta akiwa amelala anaanza kichefuchefu, kifua kinabana, na nyumba zetu nyingi stoo ya mahindi ni chumba kinachofuata au ni uvunguni mwa kitanda. Harufu yake kama kitunguu saumu au samaki aliyeoza, ukiinusa nyumbani toa watu wote nje usiku huohuo, fungua milango, mkimbize hospitali anayejisikia vibaya. Kazi hiyo ni ya wataalamu waliofundishwa, kwenye ghala linalozibwa na turubai maalum kwa siku kadhaa na hakuna anayelala humo. Na hata ikifanyika vizuri gesi ikitoka hakuna kinga inayobaki, wadudu wapya wanaingia kesho yake.

Maharage

Kwenye maharage dalili ni vidirisha vya duara kwenye punje, kama mtu kagonga muhuri, alafu kidirisha kinafunguka anatoka mdudu mfupi mnene. Sehemu za baridi kama Mbozi na Umalila wengi ni wale wanaotaga mayai kiholela kati ya punje na punje bila kuyagundisha na wanaanzia shambani maganda yakikauka, sehemu za joto wengi ni wale wanaogundisha mayai juu ya punje, ukipangusa na kidole hayatoki. Kwaiyo Mbozi usichelewe kuvuna, pura, anika, hifadhi. Kwa kiasi kidogo cha kula, mafuta ya kupikia kijiko kimoja cha chai kwa kilo, changanya mpaka zing'ae, yai halifiki mbali. Na kuna hii haina gharama kabisa: weka maharage kwenye ndoo iliyojaa nusu, ifunge, igaragaze asubuhi na jioni. Kifunza cha wale wanaotaga kiholela kikitoka kwenye yai kinahitaji kujiegemeza mahali pamoja kwa muda ili kitoboe punje, ukikisogeza kila mara kinashindwa kinakufa. Jua linafukuza wadudu wakubwa tu, walioko ndani wanabaki.

Ulezi sijauandikia maana kapunje kake kadogo kagumu wadudu wengi wanashindwa, unakaa miaka. Mpunga nao uhifadhi na maganda yake, ukishakoboa mchele hauna ngao.

Yale yaliyoshaliwa

Kama ni matundu tu na hakuna ukungu, chekecha, pepeta kwa ungo, loweka kwenye maji uondoe yanayoelea, osha, anika, koboa, kula hayo kwanza kabla ya gunia zima. Kama yana ukungu, yamebadilika rangi, yana uchungu, hayo hapana, hata kama ni gunia zima na roho inauma. Usiwape kuku, usimpe ng'ombe wa maziwa kwa sababu sumukuvu inapita mpaka kwenye maziwa ya mtoto, usimuuzie mama wa komoni, ile pombe ya kienyeji, maana kuchachua na kuchemsha hakuitoi. Chimba shimo mbali na kisima, fukia, na gunia lililoyabeba litie humohumo.